Wakristu Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Maradhi ya kuambukiza yakiingia mahali, hofu huingia pamoja nayo. Jirani humfungia jirani mlango, na watu hutafuta wa kumlaumu. Mkristu apaswa kutenda nini? Historia ya Eklezya yafundisha.

1. Karthago. Mwaka 252 maradhi makali yaliushika mji wa Karthago, Afrika ya Kaskazini. Wagonjwa walitupwa njiani. Wapagani waliwasingizia Wakristu kwamba wao ndio walioleta msiba kwa kukataa kuiabudu miungu. Tena Wakristu walikuwa wametoka katika mateso ya Kaisari Decius. Hata hivyo Askofu wao, Mtakatifu Sipriano, aliwaambia kwamba kuwatendea mema ndugu zao tu hakutoshi. Sharti wawatendee mema na adui. Matajiri wakatoa mali, maskini wakatoa kazi ya mikono yao, na wapagani nao wakatunzwa.

2. Milano. Mwaka 1576 tauni iliupiga mji wa Milano, Italia. Wakubwa wengi walikimbia, lakini Askofu Mkuu, Mtakatifu Karoli Borromeo, alibaki akiwazuru wagonjwa. Watu walipofungiwa nyumbani wasiambukizane, aliamuru altare ziwekwe kwenye njia panda, wapate kufuata Misa kutoka madirishani.

3. Kikwit. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, katika Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Watu wapata 250 walikufa. Kati yao walikuwamo Masista sita wa shirika la Maskini wa Bergamo, waliokuwa wakiwauguza wagonjwa. Wa kwanza, Sista Floralba Rondi, alikufa tarehe 25 Aprili, kabla ugonjwa haujatambulika.

4. Fundisho. Mapendo hayachagui mtu. Yezu Kristu amefundisha kwamba amtunzaye mgonjwa amtunza Yeye mwenyewe. Lakini mapendo yana busara. Kunawa mikono, kumpeleka mgonjwa hospitalini mapema, kutogusa maiti ya aliyekufa kwa Ebola: hayo si kukosa imani. Kujitia hatarini bila sababu ni kumjaribu Mungu. Na kumshitaki jirani kwamba ameleta maradhi kwa uchawi ni kurudia kosa la wapagani wa Karthago.

Maswali
1. Sipriano aliwataka Wakristu wamtunze nani?
2. Kwa nini altare ziliwekwa njiani kule Milano?
3. Jirani akiugua, mkatekumeni atamsaidiaje kwa mapendo na busara?