Tukivuta Waya, Kila Mwanachama Ajue
Somo la kupeleka intaneti chumba cha pili



Safari hii somo letu ni la waya. Msicheke. Tumeona waya wa mita 60 ukitaka kuvunja kikundi ambacho njaa na mikopo havikukivunja.

YALIYOTOKEA

Kikundi kimoja cha akina mama wauza omena hapa Usenge kilichanga pesa kikanunua ruta, ile inayotiwa laini ya simu ndani na kugawa intaneti. Walitaka kuuliza bei ya samaki Kisumu kabla ya kupakia, kujaza fomu za serikali bila kulipa nauli ya Bondo, na watoto wasome jioni. Ruta iliwekwa kwa mweka hazina, maana kwake mtandao unashika vizuri. Lakini chumba cha mikutano kiko ng'ambo ya ua, kuta zake ni mabati, na mabati huzuia mawimbi. Ndani ya chumba hakuna kitu kilichoshika.

Fundi akasema, "Leteni waya." Mweka hazina akaenda mjini akaomba waya wa simu, kwa kuwa ruta inatumia laini ya simu. Aliuziwa waya mwembamba wenye nyuzi mbili tu. Ulipofika haukutosha, ukaungwa kwa kusokota na kufungwa tepu, ukapitishwa juu kutoka paa hadi paa. Intaneti haikupita. Waya ukaachwa palepale, umechomekwa. Usiku mmoja wa mvua za masika radi ilipiga karibu, na asubuhi ruta ilikuwa imekufa.

Mkutano uliofuata ulikuwa mchungu. Mama mmoja alisema waya wa bei rahisi ulinunuliwa ili chenji iliwe. Watatu wakaacha kuchanga. Tulipoitwa kupatanisha, tuliuliza swali moja tu: "Siku mlipopitisha pesa hii, nani kati yenu alijua ni waya gani unatakiwa?" Wote walinyamaza. Risiti zilikuwepo, hesabu ilikuwa sawa. Hakuna aliyeiba. Shida ni kwamba hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

TUELEWE KWANZA

Wazee wanakumbuka simu ya waya, ya Shirika la Posta na Simu. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell walianza kuuza simu za mkono, na mwaka 2009 nyaya kubwa za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa zikileta intaneti ya kasi. Kwa hiyo vijijini kwetu wengi tuliruka simu ya waya kabisa, tukaingia ya mkono. Ndiyo maana tunachanganya waya wa simu na waya wa mtandao. Ni vitu viwili.

Waya wa simu hubeba maongezi kwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, yaani jozi moja. Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne. Mtandao wa kawaida wa nyumbani unahitaji jozi mbili angalau, na ukitaka kasi kubwa zote nne. Kwa hiyo jozi moja ya mweka hazina isingefanya kazi, hata fundi angekuwa hodari namna gani.

Vichwa vyake pia si kimoja. Kichwa cha simu ni kidogo. Kinaingia kwenye tundu la mtandao kikiwa kimelegea, na kinaweza kukunja meno yaliyo ndani. Msikilazimishe.

Ziko nyumba na ofisi duniani ambako intaneti huletwa na waya wa simu wenyewe. Huko maongezi hupita kwa masafa ya chini na intaneti kwa masafa ya juu, juu ya waya uleule. Kila simu huwekewa kichujio ili visigombane, na ruta hukaa kwenye soketi ya kwanza pale laini inapoingia. Ukitaka kuifikisha mbali, usirefushe waya wa simu, maana kila kiungo na kila tawi hupunguza nguvu. Refusha waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta. Kanuni hiyo ni ileile kwetu: ruta ikae pale mtandao unaposhika, waya wa mtandao ndio usafiri.

HATUA ZA KAZI

1. Pimeni kwanza. Tumieni kamba, mkifuata njia yenyewe ya waya pamoja na kona na ukuta, si njia ya macho. Ongezeni mita tatu kila upande. Isizidi mita 100, huo ndio mwisho wake.

2. Nunueni kipande kimoja kizima, kisicho na kiungo. Mwombe muuzaji waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika upesi na haifiki mbali vizuri. Kama utapita nje, uwe wa ngozi nyeusi ya kuvumilia jua. Waende wanachama wawili kununua, si mmoja.

3. Funga vichwa kwa koleo yake. Shika kichwa ulimi ukiwa chini, meno ya shaba juu, waya ukiingilia upande wako. Kutoka kushoto panga hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawasawa. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja, maana msokoto ndio unaokinga waya na kelele za stima.

4. Jaribuni waya ukiwa chini, kabla ya kuchimba wala kupigilia. Chomeka pande zote na utazame taa ndogo ya ruta. Ikiwaka, endeleeni. Isipowaka, kateni vichwa mfunge upya.

5. Ukipita uani, waya uwe ndani ya paipu ya plastiki na ufukiwe, ili jembe na mbuzi wasiufikie. Wekeni alama za mawe juu.

6. Chumba cha pili wekeni ruta nyingine ndogo. Fundi aifanye iwe ya kupitisha tu, isigawe namba za mtandao, na waya uingie tundu la kawaida, si lile la kupokelea. Ruta mbili zikigawa namba hugongana, kama wenyeviti wawili katika mkutano mmoja.

HATARI MBILI

Ya kwanza ni stima. Waya wa mtandao usifungwe pamoja na waya wa stima wala kupita katika paipu moja nao. Acha nafasi ya sentimita 30. Wakilazimika kukutana, wapishane kama msalaba. Waya ukichubuka ukagusa stima, si ruta tu itakayoungua. Mtoto anayeshika kompyuta anaweza kufa.

Ya pili ni radi. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaishi katika moja ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na juu ya ziwa hupiga zaidi usiku. Radi haihitaji kugusa waya wako. Ikipiga karibu, waya mrefu hudaka nguvu yake na kuipeleka moja kwa moja kwenye ruta. Kufukia husaidia, lakini hakumalizi hatari. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa Mageta, chomoeni waya pande zote mbili, na plagi ya stima pia. Fanyeni hivyo kabla ngurumo hazijafika. Zikishafika, msiguse waya wowote, kaeni mbali nao. Kikundi kichague mtu mmoja wa kazi hiyo, na mwingine wa kumsaidia akisafiri. Kikundi chenye uwezo kinaweza kuunganisha nyumba mbili kwa waya wa kioo, ambao haupitishi umeme.

MWISHO WAKE

Akina mama wale walinunua upya baada ya miezi minne. Safari hii kila mmoja alikwaruza waya kwa kisu chake, na wawili walijifunza kufunga vichwa. Taa iliwaka. Kati ya waliotoka, wawili wamerudi. Wa tatu bado, na mweka hazina huenda kumsalimia kila Jumapili.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupitisha pesa ya wote kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja anayekijua, halafu kumtafuta mwizi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kitu gani kikundi chetu kilinunua bila sisi kukielewa? Kilitugharimu nini?
2. Fundi akizungumza maneno tusiyoyajua, kwa nini tunaogopa kumuuliza?
3. Nani atachomoa waya radi ikija? Andikeni jina lake leo.
4. Yuko mwenzetu aliyelaumiwa bure? Tutamwendea lini?