TNT chini ya maji: mwongozo kwa wajenzi wa Minecraft

Kijana wa Cheyo, Tabora, anayejenga mfano wa bwawa la Igombe ndani ya Minecraft hufika mahali akachoka kuchota udongo kwa koleo, akaikumbuka TNT. Anazamia, anaitega chini ya bwawa, anaiwasha, anaogelea kando. Mlipuko unasikika, samaki wanakufa, lakini sakafu ya bwawa iko vilevile. Si simu iliyogoma, wala hajakosea kuwasha. Ndivyo gemu lilivyotungwa.

Kila tofali la Minecraft limepewa kiwango cha kustahimili mlipuko. Jiwe la kawaida lina 6, maji yana 100, na obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano, 1,200. Nguvu ya TNT yenyewe ni 4. Ikilipukia ndani ya maji, nguvu yote humezwa papo hapo kabla haijafika kwenye tofali la jirani, na haijalishi maji yametulia au yanatiririka. Viumbe ndio hawakingwi: wewe, samaki na mnyama yeyote aliye ndani ya matofali kama 8 anaweza kuumia. Una sekunde 4 tu tangu kuwasha, na majini mtu haogelei haraka kama anavyokimbia nchi kavu, kwa hiyo panga njia ya kutokea mapema.

Dawa rahisi ni mchanga. Weka TNT chini, juu yake weka tofali la mchanga au kokoto, kisha washa TNT. Ikishawaka haihesabiwi tena kuwa tofali. Mchanga unashuka na kushika nafasi yake, na mlipuko unaanzia ndani ya mchanga badala ya maji. Hapo sakafu na kingo zilizo jirani zitavunjika. Shimo halitakuwa pana kama la nchi kavu, maana maji ya pembeni bado yanameza sehemu yake. Ukitaka shimo kubwa, zungushia eneo ukuta na uyakaushe maji kwa sponji kwanza. Ni kazi ndefu, lakini kwa bwawa zima naona ndiyo njia ya maana.

Wanaocheza toleo la simu wana njia nyingine. Wakiruhusu vipengele vya elimu kwenye mipangilio ya dunia yao, hupata TNT ya chini ya maji, inayoundwa kwa kuchanganya TNT na sodiamu. Hiyo huvunja matofali hata majini.

Mzazi akimwona mwanawe amezama humo asidhani ni upuuzi mtupu. Tangu 2012, UN-Habitat, yenye makao makuu Nairobi, imeshirikiana na watengenezaji wa Minecraft, na wakazi wa Kibera wamelitumia gemu hili kuchora wanavyotaka uwanja wao uwe. Kwa vipimo na nafasi linafaa kabisa. Kwa tabia ya maji na mlipuko, lisiaminiwe hata kidogo, kwa sababu limegeuza mambo juu chini.

Maji halisi hayamezi mlipuko, yanausafirisha. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde hewani, lakini majini hufika takriban 1,500. Na kwa kuwa maji hayabonyei kirahisi kama hewa, msukumo hufika mbali ukiwa bado mkali na kupasua kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Ndiyo maana bomu moja la wavuvi haramu huko pwani huua wakubwa na wachanga kwa pamoja na kuvunja matumbawe yanayochukua miaka mingi kukua tena. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania, Na. 22 ya 2003, inakataza vilipuzi katika uvuvi, baharini, ziwani hata kwenye bwawa. Mtoto aliyezoea gemu aelezwe hili waziwazi: kujitosa majini hakumkingi mtu na mlipuko, na kitu chochote kinachofanana na kilipuzi kisiguswe, mkubwa aitwe, na polisi waarifiwe.

Tukirudi kwenye bwawa lako: nakili dunia yako kabla ya kuwasha chochote, na usiwashe TNT nyingi kwa mpigo kwenye simu ndogo, itakwama. Sponji zikilowa, zikaushe kwenye tanuri uzitumie tena.