Somo kwa Mkimbiaji Mwenye Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio

Alfajiri, kandokando ya barabara za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, vijana kwa wazee hukimbia kabla jua halijapanda. Miongoni mwao wamo walioambiwa na daktari kwamba mapigo ya moyo wao hayana mpangilio. Mtu aliyepewa habari hiyo hujiuliza maswali mawili: je, niache kukimbia? Na je, ninunue nini ili niwe salama? Swali la pili wauzaji hulijibu upesi kuliko madaktari. Katika somo hili tunayajibu yote mawili kwa utaratibu, ili mtumiaji ajue cha kumwuliza daktari, cha kumwuliza mfamasia na cha kumwuliza muuzaji.

1. Kinachotokea moyoni

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika moyo wenye afya, mapigo huanzishwa na cheche moja ya umeme inayotoka chumba cha juu cha kulia. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, ambao kwenye vyeti vya hospitali huandikwa AF, cheche nyingi huzuka ovyo, na vyumba vya juu hupapatika kwa kasi inayoweza kuzidi mara 350 kwa dakika badala ya kusukuma damu. Vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya vurugu hiyo, navyo hupiga bila mpangilio na mara nyingi kwa haraka. Mgonjwa anaweza kuhisi moyo ukienda mbio, kuishiwa pumzi au kuchoka upesi mlimani. Wengine hawahisi lolote.

Madhara makubwa ya AF ni kiharusi. Damu inayotuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka na kufika ubongoni, huziba mshipa. Matokeo ya utafiti wa Framingham, nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1991, yalionesha kuwa AF huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Wepesi wa miguu hauiondoi hatari hiyo. Mtu aweza kumaliza kilomita 21 akitabasamu, na bado akahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

2. Je, mazoezi yanadhuru?

Jibu linategemea kipimo. Huko Adelaide, Australia, wagonjwa 120 wenye AF waligawanywa katika makundi mawili: moja lilipata mpango wa mazoezi wa miezi sita, jingine likapata matunzo ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, watu 40 katika kila 100 wa kundi la mazoezi hawakuwa wamerudiwa na AF, ikilinganishwa na 20 katika kila 100 wa kundi la pili. Mazoezi ya wastani, basi, ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, wingi wa mazoezi mazito kwa miaka mingi una gharama yake. Nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia washiriki zaidi ya 52,000 wa mbio za Vasaloppet, ambazo ni kilomita 90 za kuteleza juu ya theluji. Taarifa yao ya mwaka 2013 ilieleza kuwa waliomaliza mbio hizo mara nyingi zaidi walipata AF kwa kiwango kikubwa kuliko waliomaliza mara moja. Theluji si yetu, lakini kazi ya moyo ni ileile. Mwenye AF hana sababu ya kujifungia ndani, wala hana sababu ya kushindana na mwili wake kila Jumapili.

3. Kabla ya kurudi barabarani

Tunashauri mkimbiaji ahakikishe amefanyiwa mambo manne: kipimo cha umeme wa moyo (ECG), picha ya ultrasaundi ya moyo (ECHO), kipimo cha shinikizo la damu, na kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi. Picha ya moyo ina uzito wa pekee katika nchi zetu, kwa kuwa AF huweza kutokana na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mwenye valvu iliyobana hapaswi kuanza mazoezi yoyote mazito bila idhini ya daktari wa moyo, hata kama anajiona mzima.

Mwulize daktari kwa maneno ya wazi: Je, moyo wangu una kasoro nyingine? Mapigo yangu yanadhibitiwa vizuri ninapokimbia, au ninapokaa tu? Je, nahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda? Umri, shinikizo la damu, kisukari na kiharusi cha zamani ndivyo hupimwa katika kujibu swali hilo la mwisho.

4. Namna ya kukimbia

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 58, mwenye AF na shinikizo la damu, anayemeza bisoprololi kila siku. Alizoea kutoa umri wake katika 220 na kulenga hesabu hiyo. Dawa yake hushusha mapigo, na AF huyavuruga. Hesabu ya zamani haimfai tena. Kipimo chake kiwe mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, yuko katika kiwango cha wastani. Akiishia maneno mawili matatu, apunguze mwendo.

Aanze kwa kutembea haraka na kukimbia kwa zamu, dakika 20 hadi 30, siku tatu kwa wiki. Aongeze muda kabla ya kuongeza kasi, akilenga dakika 150 kwa wiki. Apashe mwili joto dakika kumi na asisimame ghafla amalizapo. Joto la pwani na upungufu wa maji huusumbua moyo; kwa hiyo akimbie mapema, na apumzike siku za homa au kuharisha. Ikiwa amejiandikisha Kilimanjaro Marathon kule Moshi, si aibu kuchagua kilomita 5 badala ya 21.

Apime mapigo kwa vidole kwenye kifundo cha mkono kabla ya kutoka. Kwa kuwa mapigo ya AF hayalingani, ahesabu dakika nzima. Sekunde 15 mara nne hudanganya. Akikuta moyo unakwenda mbio bila mpangilio hata kabla hajaanza, mbio za siku hiyo ziahirishwe.

5. Dawa na mkimbiaji

Dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Kinga ya apiksabani na rivaroksabani hupungua ndani ya siku moja hivi. Anayesafiri kwenda mashindanoni abebe vidonge vya kutosha. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula, hivyo anayekimbia bila kula anaweza kumwomba daktari ampangie saa ya chakula cha jioni. Anayetumia wafarini asiache mchicha wala kisamvu. Ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na apime damu kama alivyopangiwa.

Hatari iliyofichika ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopendwa na wakimbiaji wenye magoti yanayouma, huongeza uwezekano wa kutokwa damu zikichanganywa na dawa hizi. Metronidazoli nayo huizidisha nguvu wafarini. Kabla ya kununua kidonge chochote, mwambie mfamasia: "Ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda."

6. Saa janja na ahadi za wauzaji

Saa janja husoma mapigo kwa mwanga unaopenya ngozi. Wakati wa kukimbia, inaweza kuhesabu hatua za miguu ikidhani ni mapigo. Katika utafiti wa saa za Apple uliochapishwa mwaka 2019, watu zaidi ya 400,000 walishiriki. Waliopata onyo hawakufika mmoja katika 100. Waliopata onyo na baadaye wakavaa kipimo cha kifuani na kukirudisha, takriban theluthi moja ndio waliokutwa na AF katika siku za kipimo hicho. AF huja na kuondoka, kwa hiyo onyo ni sababu ya kwenda hospitali, nalo halijawa bado jibu la daktari. Vilevile, ukimya wa saa si cheti cha uzima.

Kabla ya kulipa, uliza kama saa inarekodi ECG au inahesabu mapigo tu, kama huduma hiyo inafanya kazi nchini, na kama dhamana imeandikwa. Tunza risiti. Muuzaji anayedai kuwa bangili, chai au unga wa mitishamba "unaponya moyo kabisa" aulizwe usajili wa bidhaa hiyo; Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Usiache dawa ya hospitali kwa ahadi ya sokoni.

7. Dalili za kusimama mara moja

Simama na uombe msaada ukipata maumivu ya kifua, kuzirai, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho huenda ni kiharusi: nenda hospitali papo hapo, usisubiri kulala. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akianguka na kugonga kichwa, achunguzwe hata kama hakuna jeraha. Kwa sababu hiyo, kimbia na mwenzako, na ubebe karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa zako na simu ya ndugu.

Maswali ya kujipima

Kwa nini mapigo ya AF huhesabiwa dakika nzima? Ni dawa gani ya maumivu iliyomo kabatini mwako leo, na je, inapatana na dawa yako ya moyo? Nani katika kundi lako la mbio anajua una AF? Usipokuwa na jibu la swali la mwisho, mwambie mmoja wao kabla ya mazoezi yajayo.