Kabla Mashua Haijang'oka

Simama ufuoni Malindi maji yakijaa, uwatazame vijana wakiirudisha mashua baharini. Wawili wanavuta, chombo kimya. Wanne, kimya vilevile. Wa saba akishika kamba, mashua inashtuka, na ikishaanza kwenda wengine wanaweza kuachia wakafuta jasho.

Kitu kilichotulia hakina msuguano wa kiasi kimoja. Ukikivuta kidogo, msuguano hujibu kidogo. Ukizidisha, nao huzidisha, mpaka ufike ukomo. Huo ukomo ndio tunaoutafuta, na nyumbani ubao wa jikoni watosha.

1. Azima mizani ya ndoano kwa muuza samaki. Ya kilo 10 yafaa. Ile kubwa ya kupimia papa haitauona ubao wako. Iangalie sifuri yake ikiwa imelazwa mezani, maana ndivyo utakavyoitumia. Springi inayosoma sifuri ikining'inia si lazima isome sifuri ikilala.

2. Mzigo ni paketi 2 za unga, kilo 2 kila moja. Ubao wenyewe upime. Tuseme ni nusu kilo, basi jumla 4.5.

3. Vuta polepole, kamba inayounganisha ndoano na ubao iwe sambamba na meza. Ukiielekeza juu unaubeba ubao, nao hautaikandamiza meza kwa uzito wake wote. Sasa jicho kwenye mshale: 0.5, umetulia. 1, umetulia. 1.5, bado. Ukifika 1.8, chwa! Ubao unateleza na mshale unarudi kwenye 1.4 hivi. Andika 1.8. Namba za kabla yake zilikuwa zinapima mkono wako tu. Mimi mara ya kwanza niliandika 0.5, nikajisifia meza laini.

4. Mshale hurudi upesi kuliko jicho. Mpe mtu simu arekodi video, kisha itazameni taratibu.

5. Gawanya 1.8 kwa 4.5 upate 0.4, kigezo cha msuguano tuli. Kilo kwa kilo zimefutana, kwa hiyo hapa huhitaji niutoni. Mwalimu akizidai, zidisha 1.8 kwa 9.8: ni kama niutoni 17.6.

6. Rudia mara 10, na kila mara uache ubao ukae muda uleule kabla ya kuvuta. Hili si ushirikina. Mfaransa Coulomb alifanya majaribio ya msuguano mwaka 1779 huko Rochefort, mji wa bandari uliokuwa na karakana za kuundia meli, akaona kwamba mbao zikikaa zimegusana kwa muda huwa ngumu zaidi kung'oa. Mwenye mashua iliyolala ufuoni msimu mzima hatashangaa. Na upanguse meza kila mara. Nyumba zetu za pwani hazikosi mchanga.

7. Huna mizani? Inua upande mmoja wa meza ndogo mpaka ubao uteleze wenyewe. Pima kimo cha upande ulioinuka, ukigawanye kwa umbali ulio chini sakafuni, si kwa urefu wa meza. Kimo cha sentimita 40 kwa umbali wa 100 ni 0.4 ileile, mteremko wa nyuzi 22 hivi.

8. Sasa chafua jaribio kwa makusudi. Paka mafuta ya nazi, upime. Kisha, bila mafuta, ongeza paketi ya tatu: 1.8 itapanda, 0.4 itabaki palepale au karibu. Ila usiibebeshe mashua namba ya meza yako. Mchanga hulimbikana mbele ya mkuku, na kuusukuma huo ni kazi nyingine juu ya msuguano.

9. Mwisho, panga penseli 3 za mviringo chini ya ubao, kama vijana wanavyopanga magogo chini ya chombo. Vuta. Hapa hata ile mizani ya kilo 10 huenda isione kitu.