GARI LENYE BETRI MBILI LIKIGOMA BAADA YA KUBADILISHA BETRI

Siku hizi hata katika barabara zetu za vumbi hupita magari yasiyounguruma. Gari linakuja nyuma yako kimya kabisa, unashtukia limefika. Magari hayo huitwa haibridi. Wafugaji wanajua ng'ombe chotara, yaani ng'ombe wa mbegu mbili. Basi na hili ni gari chotara. Lina injini ya petroli, na pia lina mota ya umeme. Mara linakwenda kwa petroli, mara kwa umeme, mara kwa vyote viwili pamoja.

Gari la namna hii linalojulikana zaidi ni Toyota Prius. Lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997. Toleo la pili lilitoka mwaka 2003. Mengi yanayofika kwetu yametumika kwanza huko Japani. Kwa hiyo yanafika betri zikiwa zimechoka, na mwenye gari hukaa muda mfupi tu kabla ya kuambiwa, "Badilisha betri." Anabadilisha. Halafu gari linagoma, au linawasha taa nyekundu ambazo hazikuwapo jana. Hapo ndipo fedha hupotea bure. Katika somo hili tutatumia Prius ya toleo la pili kama mfano wetu.

BETRI ZENYEWE

Gari hili lina betri mbili, si moja. Mtu asiyejua hilo atababaishwa na kila fundi.

Betri kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma. Imeundwa kwa vipande 28 vilivyopangwa kama matofali. Kila kipande kina volti 7.2. Chukua kalamu uzidishe: 28 mara 7.2 ni 201.6. Volti 201.6! Umeme huo unaua. Nyaya zake zote zimevikwa ganda la rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Ukiona waya wa rangi ya chungwa, usiuguse, usiukate, usiuchomoe.

Betri ndogo iko pembeni ndani ya buti. Hiyo ni ya volti 12, kama betri ya gari lolote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Katika gari la kawaida betri ya volti 12 huzungusha stata, na stata huamsha injini. Prius haina stata ya namna hiyo. Haina alterneta pia. Injini huamshwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa. Kumbe betri ndogo ina kazi gani? Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari na kufunga swichi zinazoruhusu umeme mkubwa kupita.

Mfikirie mtunza ufunguo wa ghala la ushirika. Yeye habebi magunia. Lakini asipokuja, magunia yote ya ndani hayana faida, hata ghala likiwa limejaa mpaka juu. Betri ndogo ndiyo mtunza ufunguo. Ikilala, betri kubwa yenye nguvu zote hizo haisaidii kitu.

Ndiyo maana mtu huambiwa betri kubwa imekufa, kumbe iliyolala ni ile ndogo. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Kabla ya kukubali kununua betri kubwa, pima ndogo kwanza.

KUNUNUA BETRI NDOGO

Dereva mmoja na fundi wake wangeweza kuzungumza hivi:

"Fundi, betri hii uliyoleta mbona si kama ile ya zamani?"

"Mzee wangu, volti 12 ni volti 12. Hamna tofauti."

"Hapana, bwana. Hebu tusome maandishi yake kwanza."

Mzee ana haki. Tofauti zipo, tena tatu.

Ya kwanza ni hewa. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Betri ya gari la kawaida hukaa chini ya boneti, na hewa hiyo huenda zake. Lakini ya Prius hukaa ndani pamoja na abiria. Kwa hiyo hutumiwa betri iliyofungwa, yenye bomba jembamba linalopeleka hewa nje ya gari. Ukiweka betri ya maji ya kawaida humo, unakaa na tindikali na hewa ya hatari mgongoni mwako. Na hata ukinunua ile inayofaa, angalia kwamba fundi amelirudisha bomba. Likiachwa likining'inia ni kama halipo.

Ya pili ni vichwa vya betri. Vya betri hii ni vyembamba. Wengine hununua betri yenye vichwa vinene, kisha wanapanua vibanio kwa nyundo, au wananunua yenye vichwa vyembamba zaidi na kujazia vipande vya bati. Kibanio kisichokaza vizuri huleta umeme wa kukatikakatika, na kompyuta haipendi hilo hata kidogo.

Ya tatu ni upande. Betri za Kijapani zina namba na herufi, kwa mfano S34B20R. Herufi ya mwisho, R au L, inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukinunua ya L mahali pa R, chanya inakaa palipokuwa hasi. Fundi mwenye haraka anafunga waya kama alivyozoea, cheche zinaruka, na hasara imeingia. Nenda dukani na betri ya zamani, au andika namba yake kwenye karatasi.

KUIFUNGA

Zima gari kabisa, na ufunguo wa rimoti uweke mbali. Ondoa kwanza waya wa hasi (–), halafu wa chanya (+). Wakati wa kurudisha, anza na chanya, malizia na hasi.

Jambo moja dogo linalotesa watu: mlango wa buti hufunguka kwa umeme. Ukiufunga wakati betri imetolewa, hautafunguka. Itabidi utambae kupitia kiti cha nyuma ukatafute kitasa cha dharura, huku watu wamesimama wanacheka. Uache wazi mpaka umalize.

GARI LIKIGOMA

Tuseme betri mpya imefungwa, unabonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa hata moja. Usikimbilie kompyuta. Shika vibanio kwa mkono uvitikise. Kikicheza, kaza. Tazama kama kuna kutu au uchafu mweupe, ukwangue. Ufuate waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi ya gari, kwa sababu bolti iliyolegea hapo huleta taabu ileile.

Halafu pima betri kwa mita. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha chini ya 12 haina kitu. Wengi hubisha: "Lakini ni mpya, nimeitoa dukani leo!" Upya si chaji. Betri ikikaa dukani miezi mingi hupungua yenyewe. Ichajiwe taratibu kabla ya kulaumu gari.

Tuseme taa zinawaka lakini gari haliendi. Tafuta kwenye dashibodi neno READY. Ni neno la Kiingereza, maana yake "tayari". Neno hilo likiwaka gari liko tayari, hata kama injini haijanguruma. Madereva wageni husubiri mngurumo, wakibonyeza na kubonyeza mpaka wanalizima tena. Usisubiri mngurumo. Soma.

READY haliwaki? Je, umekanyaga breki wakati wa kubonyeza kitufe? Je, kibetri cha ndani ya ufunguo wa rimoti kingali na nguvu? Kama ni kizima, na volti za betri ndogo ni nzuri, basi uliza swali hili: fundi aligusa kile kizibo cha rangi ya chungwa?

Kizibo hicho kipo nyuma, kwenye betri kubwa. Kazi yake ni kukata umeme mkubwa wakati wa matengenezo. Kurudisha kuna miendo mitatu: kukichomeka, kugeuza kishikio, kisha kukisukuma kishikio mpaka kifunge. Mafundi wengi hufanya miendo miwili wakaridhika. Kizibo kinaonekana kimekaa, kumbe ule mwendo wa tatu ndio unaoiambia kompyuta kwamba pamefungwa. Bila huo READY haiji. Watu wamewahi kushusha betri nzima tena kwa ajili ya kishikio kisichosukumwa. Lakini wewe usiye fundi usikiguse mwenyewe. Mwambie fundi aangalie.

Kuna hali ya tatu, nayo ni ya kudanganya. READY linawaka, gari linakwenda vizuri, unafurahi. Kesho asubuhi betri imelala, au gari linazimika njiani. Pima volti za betri ndogo wakati READY inawaka. Inatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona 12 na zinashuka, betri ndogo haichajiwi. Katika gari hili betri ndogo huchajiwa na kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa. Kama nyaya ziligeuzwa wakati wa kufunga, chanya na hasi, fyuzi kubwa ya kifaa hicho iliyo chini ya boneti huungua. Ukiwa na bahati ni fyuzi tu. Usipokuwa na bahati kifaa chenyewe kimekwenda, na hicho ni ghali.

Ikiwa volti ni nzuri gari likiwa READY, lakini kila asubuhi betri imelala, tafuta kinachonyonya umeme usiku. Mara nyingi ni kitu kilichoongezwa baadaye, kama redio kubwa au king'ora cha wezi, au ni taa ya buti isiyozima.

Na vioo vya madirisha? Vikiacha kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja, huo si ugonjwa. Gari limesahau. Shusha kioo nusu, kisha vuta swichi kipande mpaka kifunge, uendelee kushikilia sekunde chache. Fanya hivyo kila dirisha. Saa na stesheni za redio nazo zipange upya.

BETRI KUBWA IKIBADILISHWA

Kazi hii si ya chini ya mwembe. Fundi anatakiwa kuvaa glavu maalumu za mpira za umeme, si za kuoshea vyombo. Akishatoa kizibo lazima asubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki uishe. Akianza mara moja, ondoka hapo, na mzuie kama unaweza.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza. Umebadilisha betri nzima, au kipande kimoja kibovu? Kuweka kipande kipya katikati ya vizee 27 ni kama kubadilisha nguzo moja ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Miezi michache tu nyingine inafuata. Je, ulisafisha vile vibati vya shaba vinavyounganisha vipande? Vikiota kutu ya kijani, kompyuta hupokea vipimo vya uongo na huwasha pembetatu nyekundu ingawa betri ni nzima.

Pembetatu ikiwaka, fundi huchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine hutoa namba. Mwambie aiandike, au andika mwenyewe, KABLA hajaifuta. Wengine hufuta haraka, taa inazimika, unalipa, na baada ya kilomita 20 inawaka tena. P0A80 maana yake kompyuta inaona betri kubwa imechoka. P0A0D maana yake njia ya usalama ya umeme mkubwa iko wazi, na hapo kumbuka kile kishikio cha miendo mitatu. P0AA6 maana yake umeme mkubwa unavuja kuelekea kwenye bodi ya gari. Maji yakiingia, au kipande kikivuja, hutokea hivyo. Ukiona namba hiyo usiendelee kuliendesha.

Mwisho, vumbi. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Sisi hupakia magunia, mikungu ya ndizi na mabegi mpaka tundu linazibika. Betri inapata joto na kuchakaa kabla ya wakati wake. Liache wazi, na feni isafishwe mara kwa mara. Usiliache gari kwenye N likiunguruma muda mrefu ukidhani linachaji. Likiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi. Weka P.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Betri kubwa ya gari lingine, Toyota Aqua, ina vipande 20 vya volti 7.2. Jumla ni volti ngapi?
2. Mita inaonyesha 12.1 wakati READY inawaka. Ungemwambia fundi aangalie nini kwanza?
3. Kwa nini betri ya maji ya kawaida haifai kuwekwa ndani ya buti la gari hili?
4. Jirani anaomba ulitumie gari lako la haibridi kuamshia lori lake lililolala. Lori hutaka umeme mwingi kwa mara moja. Je, betri yako ndogo na kile kifaa kinachoichaji vitaweza? Jadilini.