Wastani wa Kupiga

Katika hesabu tumejifunza kutafuta wastani kwa kugawanya. Leo nataka kuwaonyesha wenzangu jinsi kugawanya huko kunavyotumika katika beisboli, mchezo upendwao sana Marekani. Si mchezo mgeni kabisa hapa Uganda, maana mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikwenda huko kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kuyacheza.

Mrushaji hutupa mpira kwa nguvu, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia mpaka kituo cha kwanza. Akifika salama kwa nguvu ya pigo lake, huandikiwa pigo moja. Lakini akifika kwa kuwa mlinzi ameuangusha mpira aliopaswa kuudaka, hapati kitu, na mlinzi huandikiwa kosa. Mapigo hugawanywa kwa zamu, na jibu huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. (Zamu ambayo mrushaji amekosa shabaha mara nne haihesabiwi.) Mtu mwenye 0.300 ni hodari, ijapokuwa ameshindwa mara saba katika kumi! Sijui somo jingine ambalo mwanafunzi angesifiwa kwa alama kama hizo.

Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox alifikia siku ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba, akiwa na mapigo 179 katika zamu 448. Chukua kalamu ugawanye: utapata 0.39955, ambayo kwa tarakimu tatu ni 0.400. Mkuu wa timu alimpa ruhusa apumzike, asije akaipoteza hesabu hiyo nzuri. Williams akakataa. Siku hiyo palikuwa na michezo miwili huko Philadelphia. Akacheza yote, akapata mapigo 6 katika zamu 8. Basi 185 kwa 456 ni 0.406.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba tangu Williams hakuna aliyefikia tena 0.400. Lakini vitabu hivyo havikuwahesabu Weusi. Mpaka mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn, ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango, nao wakacheza katika ligi zao wenyewe. Huko, mwaka 1943, Josh Gibson wa Homestead Grays alipata 0.466. Alifariki Januari 1947, umri wake miaka 35, na haikutimia miezi mitatu kabla Robinson hajacheza mchezo wake wa kwanza.

Williams hakunyamaza. Mwaka 1966, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown, aliwataja Gibson na Satchel Paige mbele ya watu wote, akaomba nao wapewe nafasi humo. Gibson aliingizwa mwaka 1972. Hesabu zake zilikawia zaidi: ni Mei 2024 tu ndipo wakuu wa beisboli walipotia takwimu za ligi saba za Weusi, za 1920 mpaka 1948, katika kumbukumbu zao. Mara ile 0.466 ikaipita 0.440 ya Hugh Duffy ya mwaka 1894, na wastani wa maisha yote ya Gibson, 0.372, ukaupita wa Ty Cobb, 0.367.

Wako wasemao kwamba msimu wa Weusi ulikuwa na michezo kama 60, na ule wa ligi kubwa 154, tena kwamba wastani mkubwa hupatikana kwa urahisi katika zamu chache. Kwa hesabu wasema kweli. Rusha sarafu mara 10, kichwa kikitokea mara 7 si ajabu; rusha mara 1,000, kikitokea mara 700 utaichunguza sarafu hiyo. Lakini Gibson hakuuchagua msimu mfupi. Yeye na wenzake walicheza michezo mingi zaidi nje ya ligi, wakizunguka mji kwa mji kutafuta riziki, na mapigo ya huko hayamo katika hesabu hii.