Amina: Neno Fupi, Mzizi Mrefu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 15:6, Kutoka 17:8–13, Nehemia 5:1–13, 1 Wakorintho 14:13–17, Ufunuo 3:14–20.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 1:20.

Wazo kuu: Kusema Amina ni kuegemea ahadi ya Mungu kwa uzito wetu wote, na kujifunga kwa yale tuliyoomba.

Katika Ngara na Biharamulo, darasa moja la Shule ya Sabato laweza kuwa na Mhangaza, Msubi, Mhaya, Muha na Msukuma. Kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwake. Lakini ombi likiisha, wote huitikia kwa neno moja. Wengi wetu tulilitamka kabla ya kujua kusoma. Je, tunasema nini?

1. Neno lilitoka wapi?

Amina ni neno la Kiebrania. Mzizi wake una maana ya kuwa imara, kushikiliwa, kutegemewa. Mwanzo 15:6 inaposema kwamba Abramu alimwamini BWANA, kitenzi chake kimetoka katika mzizi huo. Waandishi wa Agano Jipya, walioandika kwa Kiyunani, mara nyingi hawakulitafsiri neno hili bali waliliacha kama lilivyo.

Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, nacho kina mzizi huohuo. Kwa njia ya Kiarabu, Kiswahili kilipata amini, imani, amani, amana na mwaminifu. Ndiyo maana jirani yetu Mwislamu naye huitikia "Amin" katika sala yake.

Tuwe waangalifu hapa. Wahangaza, kama ndugu zao wa Burundi na Rwanda, humwita Mungu Imana. Neno hilo linasikika kama imani, lakini ni la Kibantu na halina undugu na Amina. Maneno kufanana kwa sauti si ushahidi kwamba yana asili moja.

Soma Kutoka 17:12. Mikono ya Musa iliwezaje kuwa imara mpaka jua lilipotua?

Neno linaloeleza uimara wa mikono ile ni la mzizi wa Amina. Lakini Musa alikuwa amechoka. Aliketi juu ya jiwe, na Haruni na Huri wakamshika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande huu. Imani ya Biblia si ushupavu wa mtu peke yake, ni kushikiliwa.

2. Amina ni kama kutia sahihi

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walisema Amina juu ya jambo gani, na walifanya nini baadaye?

Maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao walikuwa wakitiwa utumwani. Nehemia aliwataka wakopeshaji warudishe mali ile. Akakung'uta nguo yake kuonyesha jinsi Mungu atakavyomkung'uta asiyetimiza neno. Mkutano wote ukasema Amina, nao wakatenda walivyoahidi. Amina yao iligharimu mashamba.

Nasi tunajua thamani ya shamba. Mtu akitia dole gumba kwenye hati ya mauziano mbele ya viongozi wa kijiji, hawezi kesho kusema alikuwa anatania. Basi tukiitikia Amina katika ombi kwa ajili ya mjane, halafu tukabaki na deni lake au mpaka wa shamba lake tuliousogeza, tumeweka sahihi gani mbele za Mungu?

3. Amina yenye ufahamu

Soma 1 Wakorintho 14:16. Paulo anauliza: asiyeelewa maneno ya shukrani ataitikiaje Amina?

Fungu hili lagusa makusanyiko yetu. Mzee akiomba kwa Kihangaza, nafsi yake yajengwa; lakini mgeni Msukuma aliyeketi nyuma anaombwa kutia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma. Kumtafsiria ni kumheshimu, na kuiheshimu Amina yake. Lugha ya mama haidharauliwi. Mgeni ndiye asiyeachwa nje.

4. Yeye aliye Amina

Watu husema Amina mwisho wa ombi. Yesu aliiweka mwanzo wa maneno yake. Katika Injili ya Yohana amesema "Amin, amin" mara 25. Biblia ya Kinyarwanda, lugha ya wengi waliokimbilia Ngara mwaka 1994, husema hapo "ni ukuri", yaani ni kweli. Yesu hakungoja mwingine athibitishe neno lake.

Katika Ufunuo 3:14 Amina ni jina lake, na analitumia akisema na Laodikia. Kanisa lililo vuguvugu, ambalo Amina yake ni ya midomo tu, linatembelewa na Yeye ambaye ni Amina mwenyewe. Hakulitupa. Amesimama mlangoni, anabisha. Uimara tusio nao, Yeye anao, naye yu tayari kuingia.

Maswali ya kujadili

1. Ni ombi gani uliloliitikia Amina mwezi huu ambalo linakudai kutenda jambo?

2. Darasa lenu lifanye nini ili kila mgeni aelewe kabla ya kuitikia?

3. Ni nani katika kikundi chenu ambaye mikono yake imechoka? Nani atakuwa Haruni, na nani Huri?